Maji Yaliyochimbwa na Oksijeni Inayokwisha Chini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Maswali haya yametoka kwa watu wenye mabwawa, malambo na mashimo ya mchanga kuanzia Pongwe na Muheza hadi Handeni, na kwa wavuvi wa hapa mjini waliotaka kujua kama mambo hayo hayo yanaweza kuwakuta baharini. Yamepangwa kama yanavyoulizwa. Mengine yana majibu marefu kwa sababu ndiko kwenye shida, mengine yanakwisha kwa mstari mmoja.

Bwawa limefukuliwa, maji ni mengi na yametulia. Sasa tupime nini tena?

Mpime hayo hayo yaliyotulia. Oksijeni huingia majini kwa milango miwili: upepo unaosugua uso wa maji, na mimea ya majini pamoja na ule ukijani mdogo unaotengeneza oksijeni ukipata jua. Milango yote miwili iko juu. Kufika chini, oksijeni inategemea maji yenyewe yachanganyike, kwa sababu ikiachwa isambae peke yake katika maji tuli kabisa, safari ya mita 1 tu huichukua miaka.

Sasa chukua bwawa lenye kina cha mita 2, ulichimbe upande mmoja hadi mita 6. Upepo utaendelea kupiga juu, na shimo litakaa chini kama mtungi uliofunikwa. Majani, samadi ya ng'ombe wanaokuja kunywa, ukijani unaokufa, vyote huteremka na kujikusanya humo kama taka kwenye kona ya ua. Bakteria huvila, na katika kula hutumia oksijeni. Matumizi ni ya kila siku, mapato hayafiki. Jua kali likipiga kwa majuma kadhaa, chini oksijeni inakuwa imekwisha na huku maji yamejaa hadi ukingoni.

Kwani kufukua tope si ndiyo kusafisha?

Inategemea umefukua nini na umeacha umbo gani. Huko Sweden kuna ziwa dogo liitwalo Trummen, katika mji wa Växjö, ambalo lilikuwa limeharibiwa na majitaka. Mwaka 1970 na 1971 walinyonya tope lake la juu, kiasi cha nusu mita kila mwaka, katika eneo kubwa la ziwa. Tope hilo ndilo lililokuwa likila oksijeni na kurudisha mbolea majini. Lilipoondoka, ziwa lilipata nafuu kubwa, na wataalamu wa maziwa wanalitaja hadi leo.

Uholanzi nako walichimba mchanga wa ujenzi ndani ya maziwa yao ya kina kifupi wakaacha mashimo marefu. Baadhi ya mashimo ya namna hiyo yamerudiwa baadaye na kujazwa udongo ili kina kipungue. Kazi zote mbili huitwa uchimbaji, ila Växjö walikwangua sakafu, na Uholanzi walitoboa.

Kwetu naona kutoboa zaidi kuliko kukwangua. Dereva wa kijiko analipwa kwa saa, lori linataka pa kugeuzia, basi panachimbwa pale lori linapofika. Upande wa pili wa bwawa unabaki na tope lake lote, na upande wa lori unabaki na shimo. Mwenye bwawa anahesabu lori zilizotoka, anaridhika.

Oksijeni kiasi gani inatosha?

Tunapima kwa miligramu za oksijeni iliyoyeyuka katika lita 1 ya maji. Ikiwa 5 au zaidi, samaki wengi wako salama. Kwenye 3 perege bado anaishi, lakini hali vizuri na hakui inavyotakiwa. Chini ya 2 ndipo wataalamu wanaposema maji yana upungufu mkubwa wa oksijeni: wanaoweza kukimbia hukimbia, na wasioweza, kama konokono na minyoo ya topeni, hufa. Sifuri ni sifuri, na hapo huanza mambo mengine ambayo nitayaeleza kwenye swali la harufu.

Jua pia kwamba maji ya kwetu huanza na akiba ndogo. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yakiwa na joto la nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9.1 yakishiba hewa. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hubeba kama 6.2 tu. Wakati huo huo joto huongeza njaa ya bakteria na ya samaki wenyewe.

Lakini huku hakuna baridi ya theluji. Maji yanajipangaje kwa tabaka?

Watu hudhani tabaka za maji ni habari ya Ulaya. Kwa kweli maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na huelea juu ya yale yaliyopoa chini, na maji ya joto yana hila yake. Tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 29 na 30 ni zaidi ya mara tatu ya tofauti iliyopo kati ya nyuzi 9 na 10. Kwa hiyo hapa Tanga, nyuzi moja tu kati ya juu na chini inatosha kuweka kifuniko ambacho upepo mdogo wa asubuhi hauwezi kukivunja.

Msimu mbaya kwa kawaida ni kiangazi cha Januari na Februari, jua likiwa kali na siku za shwari zikiwa nyingi. Kusi likishika, anga likapoa, mabwawa mengi huchanganyika yenyewe. Bwawa lililozungukwa na miti mirefu au lililo bondeni halifaidi upepo huo, nalo lipimwe mwaka mzima.

Nipime saa ngapi?

Saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza. Najua si saa ya kupendeza.

Ukijani hutengeneza oksijeni mchana na kuitumia usiku kucha, kwa hiyo kiwango hupanda hadi alasiri na hushuka hadi alfajiri. Ile kauli ya kwetu, “waja leo waondoka leo”, inaifaa sana oksijeni ya bwawa la kijani. Niliwahi kupima lambo moja upande wa Handeni saa 9 alasiri, kipimo kikatoka kizuri kupita kiasi, nikarudi nyumbani kifua mbele. Mwenye lambo akanipigia simu siku ya pili kuniambia perege wako juu wanahema midomo wazi. Kipimo hakikudanganya. Mimi ndiye niliyekwenda saa ya sherehe. Siku hizi nikiona maji ya nyuzi 30 yana miligramu 10 au 11 mchana, zaidi ya yale yanayoweza kubeba kwa kushiba hewa, sifurahi: najua kuna ukijani mwingi, na usiku utadai chake.

Ukiweza, pima mara mbili siku hiyo hiyo, alfajiri na alasiri. Pengo kati ya namba hizo mbili linaeleza mengi kuliko namba yoyote peke yake.

Nipime wapi, na kwa kina gani?

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Mtu anasimama ukingoni, anatia kifaa kwenye maji ya magotini, anaandika 6.8 na kwenda zake. Kipimo cha juu ni salamu, habari yenyewe iko chini.

Kwanza tafuta shimo. Chukua bildi, kama wafanyavyo manahodha: kamba yenye chubwi na fundo kila nusu mita. Panda mtumbwi, vuka bwawa mistari mitatu au minne, andika kina kila baada ya hatua chache. Wavuvi watakutajia kwa pima; pima 1 ni karibu mita 1.8. Ukishalijua shimo, weka boya. Hiyo iite nukta B. Kisha chagua mahali ambapo kijiko hakikugusa, pawe nukta A. Bila A, huwezi kujua kama tatizo limeletwa na uchimbaji au ni la bwawa zima.

Katika kila nukta pima joto na oksijeni pamoja kila mita 1 kushuka. Ukiona namba imeanguka ghafla, rudi upime kila nusu mita hapo katikati, maana umegusa kifuniko. Kipimo cha mwisho kiwe kama nusu mita juu ya sakafu. Ukitumbukiza kifaa topeni, utapima tope na utatibua maji kwa anayekuja nyuma yako.

Kifaa gani kinafaa?

Kipima oksijeni chenye waya mrefu. Kuna aina mbili. Ile ya zamani ina utando mwembamba na hula oksijeni kidogo inapopima, hivyo lazima uichezeshe polepole majini. Ukiiacha imetulia itasoma chini ya ukweli. Aina mpya hutumia mwanga, haihitaji kuchezeshwa, na utunzaji wake ni mwepesi, ila bei iko juu. Vyovyote iwavyo, kabla ya kupima kirekebishe kifaa katika hewa yenye unyevu (kitambaa kilicholowa ndani ya kikombe chake kinatosha), na kama maji yana chumvi kiambie kifaa hivyo. Kisha subiri namba itulie. Subira ya dakika 2 kila kina huwashinda wengi kuliko bei.

Shule yenye maabara inaweza kutumia njia ya Winkler, mkemia wa Hungaria aliyeitoa mwaka 1888, na bado ndiyo hutumika kukagua vifaa vya kisasa. Unajaza chupa yenye kizibo cha kioo bila kuacha kipovu, unatia myeyusho wa manganizi na ule wa alkali wenye iodaidi. Mashapo yakitokea ya kahawia, oksijeni ipo. Yakibaki meupe, hakuna. Baada ya hapo hutiwa asidi, na kwa thiosulfati na wanga unapata namba kamili. Dawa hizi zinaunguza. Glavu na mwalimu viwepo.

Ubaya wa chupa ni namna ya kuileta kutoka chini. Wengi hushusha chupa tupu yenye jiwe na kizibo cha kuvuta kwa kamba. Maji yanapoingia hewa hutoka ikibubujika, na yale yasiyokuwa na oksijeni yanaipata humo humo. Maji yavutwe kwa mpira mwembamba, ncha yake ifike kitako cha chupa ya kupimia, yafurike mara mbili au tatu ndipo uzibe.

Sina kifaa chochote. Nitajuaje?

Kwa sahani nyeupe. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani kutoka kwenye meli ya Papa katika bahari ya Mediterania ili kuona inapotea kwa kina gani, na tangu hapo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi. Kifuniko cheupe cha ndoo chenye upana wa sentimita 20 na chubwi chini yake kinatosha. Pima kina kinapopotea machoni, zidisha mara 2 au 3: chini ya hapo mwanga ni hafifu mno, ukijani hauwezi kutengeneza oksijeni ya maana. Sahani ikipotea kwa nusu mita na shimo lako lina mita 6, zaidi ya mita 4 za chini ziko gizani.

Tazama samaki pia. Perege wakipanda juu alfajiri na kuhema mdomo wazi, oksijeni imeshuka. Kambare usimtumie kama shahidi, ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Ataogelea kwa raha katika maji yaliyowaua wenzake.

Nanga ikitoka inanuka yai bovu. Ni nini?

Oksijeni ikiisha, kuna bakteria wanaotumia salfeti badala yake na kutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Ndiyo hiyo harufu, na ndiyo inayolipa tope rangi nyeusi kwa kukutana na madini ya chuma. Ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Kwa binadamu hatari yake iko kwenye mashimo yaliyofungika: ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani imekwisha. Shimo lililovutwa maji na linanuka hivyo, asishuke mtu kuchota tope.

Samaki wote wamekufa usiku mmoja baada ya mvua kubwa. Nani ametia sumu?

Swali hili huja na jina la jirani tayari limeshatajwa. Sumu huwepo kweli mahali pengine, na wavuvi haramu tunawajua. Lakini kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, uliza mambo matatu. Je, kulikuwa na majuma ya joto na shwari kabla? Je, mvua au upepo wa ghafla uliyapoza maji ya juu? Je, bwawa lina shimo?

Yakijibiwa ndiyo yote matatu, yumkini maji yamegeuka. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, kifuniko huvunjika, na maji ya shimoni yasiyo na oksijeni, yenye amonia na salfaidi, hupanda na kuchanganyika na ya juu kwa saa chache. Samaki hawana pa kukimbilia. Dalili zake: samaki wa aina zote na ukubwa wote wamekufa, wakubwa wakitangulia; kambare peke yao wamesalia; maji yamebadilika kuwa ya kijivu au kahawia na yananuka. Dawa ya kuulia wadudu haichagui hivyo, huua hata wadudu wa juu ya maji.

Waliokufa hivyo wanaliwa?

Usile samaki uliyemkuta amekufa. Sababu ya kifo chake unaikisia tu, na kwa joto letu anaharibika haraka.

Hii inahusianaje na maji ya bomba?

Jiji la Tanga hunywa maji ya bwawa la Mabayani, katika mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Kila shamba linalolimwa ukingoni mwa mto huko juu hutuma udongo bwawani. Ndiyo maana wakulima wa bonde hilo waliunda umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI, na watu wa mjini wana kila sababu ya kuujali, hata kama hawajawahi kuliona shamba la iliki.

Kwa bwawa lolote la kunywa, kukosekana kwa oksijeni chini huyeyusha chuma na manganizi kutoka topeni. Maji yanapochotwa karibu na sakafu hutoka meupe, kisha yakipata hewa hugeuka kahawia na kuacha madoa kwenye kanzu na shuka. Fosforasi nayo huachiliwa, ikalisha ukijani wa juu, ambao ukifa huteremka kula oksijeni zaidi. Kwa hiyo wanaofukua bwawa la namna hii hupima chini kabla ya kazi, wakati wa kazi na miezi mingi baadaye, na huchagua kina cha kuchotea kwa kufuata vipimo hivyo.

Bandari yetu imechimbwa kutoka mita 3 hadi 13. Je, nayo ni shimo la aina hiyo?

Umbo linafanana kidogo, tabia hapana. Mradi ule uliongeza kina cha njia ya meli na eneo la kugeuzia, ili meli zifike gatini badala ya kutia nanga mbali, kisha shehena iletwe kwa matishari. Tofauti kubwa na bwawa ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku, na njia yenyewe iko wazi kuelekea baharini. Pa kuangalia ni kona zilizofungika, ndani ya ghuba, wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hasa kama majitaka yanaingia hapo. Mvuvi akiniambia chaza na kaa wamekufa kwenye kona kama hiyo, ningeanza kupima kabla ya kubisha.

Shimo la mchanga lililo karibu na mikoko, lina maji ya kuogea juu. Chini vipi?

Chini yawezekana ni maji ya chumvi, na hilo ni kufuli zito kuliko joto. Gramu 1 ya chumvi katika lita huongeza uzito wa maji sawa na kuyapoza kwa nyuzi 2 na nusu hivi. Maji ya bahari yana kama gramu 35. Mvua za masika zikiweka maji baridi juu yake, upepo wa mwaka mzima unaweza usiyachanganye. Na kwa kuwa bahari ina salfeti nyingi, harufu ya yai hapo ni kali zaidi. Pima chumvi pamoja na oksijeni, la sivyo hutaelewa unachokiona.

Ziwa Tanganyika nalo lina oksijeni chini?

Hapana. Lina kina cha mita 1,470, na chini ya mita 100 hadi 250 hivi, kutegemea sehemu, hakuna. Limekuwa hivyo bila kijiko cha mtu yeyote.

Nimekuta sifuri chini. Nifanye nini?

Usikimbilie kuwasha pampu ya hewa shimoni kwa nguvu zote. Hilo ni kuyageuza maji kwa mkono wako, na samaki watakufa mchana kweupe. Anza juu ya kifuniko, saa chache kwa siku, shuka taratibu kwa majuma. Punguza kinacholiwa kule chini: weka mbauti wa kunyweshea ng'ombe nje ya lambo, acha kumwaga pumba kupita kiasi, panda nyasi ukingoni. Kama kijiko bado kipo kazini, kilaze kingo za shimo ziwe mteremko na kifungue mfereji mpana wa kuliunganisha na sehemu nyingine yenye kina. Kulijaza shimo kwa mchanga safi ni gharama, lakini kwa bwawa dogo mara nyingi ndiyo tiba ya kudumu.

Nahitaji ruhusa kufukua?

Ndiyo. Mito mingi ya Tanga iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Bagamoyo iko chini ya Wami/Ruvu. Kazi kubwa hupitia pia mamlaka ya taifa ya mazingira kwa tathmini. Peleka vipimo vya kabla ya kuchimba, utaheshimika.

Daftarini niandike nini?

Tarehe, saa, hali ya anga tangu jana, nukta, kina, joto, oksijeni, na ulichokiona au kukinusa. Mfano huu ni wa kubuni, na nimeufupisha kwa kuruka vina kadhaa:

“Juni 14, saa 11:20 alfajiri. Jana mvua fupi, kusi tangu jioni. Nukta B, shimoni, pima 3 na nusu. Juu: nyuzi 26.8, oksijeni 4.1. Mita 3: nyuzi 26.7, oksijeni 3.9. Mita 5: nyuzi 25.2, oksijeni 0.3. Waya unanuka yai. Perege wachache juu, upande wa mashariki.”

Mtu akiniletea ukurasa kama huo, namuuliza jambo moja tu: nukta A ilisomaje?